Rispah Bosibori, Aliyerudisha Tarehe za Wenzake

Huyu tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 6 Februari 2026, hapa Dubai, ni Rispah Bosibori Nyandika, mama Lynette. Kesho mwili wake utasafirishwa kwenda nyumbani Kebirigo kwa mazishi. Wengi wenu mlimjua kwa kazi yake, wengine kwa ujirani, wengine mlikula kwake siku za Ijumaa bila kualikwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1975 huko Kebirigo, Nyamira. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Nyandika na Mama Kerubo. Baba yake alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani ya chai. Barua za kiwanda zilikuwa zikija kwa Kiingereza, na tangu Rispah akiwa na miaka kumi na mmoja, wakulima walimwita azisome na kuwaeleza maana yake. Baba yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu anaweza kusoma habari za mbolea na watu wakanyamaza kusikiliza.

Alisoma Shule ya Msingi ya Kebirigo kuanzia mwaka 1982 hadi 1989, kisha shule ya sekondari ya wasichana mjini Nyamira, 1990 hadi 1993. Huko ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya asubuhi. Aliyasoma polepole, kila neno mahali pake, mpaka uji ukapoa, na wenzake wakampa jina la Redio. Mwaka 1995 alijiunga na chuo cha hoteli Nairobi, akamaliza 1996, akafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Nakuru kwa mwaka mmoja na nusu.

Tarehe 4 Mei 1998, siku ya Jumatatu, Rispah alianza kazi ya uhudumu wa ndege katika shirika kubwa la nyumbani. Jina la shirika halitatajwa hapa. Leo ni siku yake, si siku ya kesi. Miaka ya kwanza aliruka safari za ndani ya nchi, Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret, wakati mwingine mara nne kwa siku. Alizipenda hizo fupi kuliko zote. Alikuwa akisimulia juu ya mzee mmoja wa Kisumu aliyepanda ndege kwa mara ya kwanza. Rispah alipopita akamwomba afunge mkanda, mzee akafunua koti, akamwonyesha mshipi wa suruali, akasema amefunga tangu nyumbani. Rispah akamwambia umefungwa vizuri sana, baba, sasa tufunge na huu wa kiti, nao usione wivu. Tangu siku hiyo, katika matangazo yake, hakusema tena mkanda peke yake. Alisema mkanda wa kiti.

Alipanda cheo akawa mhudumu mkuu mwaka 2007, akapangiwa pia safari za nje, ikiwemo hii ya Dubai. Wahudumu walikuwa wakilala katika hoteli moja ya Al Garhoud, Jumanne na Ijumaa. Mlinzi wa mlango wa hoteli hiyo alikuwa Isaiah Asava, mtu wa Vihiga, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye mnayemsikia. Kwa miezi minane Isaiah alimwambia neno moja tu, "Karibu madam", na kumpa kalamu asaini kitabu. Siku moja Rispah akamwuliza kwa Kiswahili kama yeye ni Mkenya ama ni Mganda. Isaiah akajibu kwamba yeye ni wa zamu ya asubuhi. Rispah alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku lake. Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 2010 huko Kebirigo, na Mungu akawajalia binti mmoja, Lynette, tarehe 19 Machi 2012. Rispah aliishi Nairobi na mtoto, Isaiah akabaki Dubai, na ratiba ya zamu za Rispah ndiyo iliyokuwa kalenda ya ndoa yao. Wiki aliyopangiwa Dubai ndiyo wiki waliyoonana.

Sasa inafaa kueleza jambo lililobeba miaka yake tisa ya mwisho, kwa sababu wengine hapa wamelisikia nusu nusu.

Septemba 2016 shirika kubwa liliamua kuacha kuruka safari za ndani ya nchi kwa wahudumu wake wenyewe. Safari hizo zingepewa kampuni ndogo yenye ndege za propela, ambayo gharama zake zilikuwa nafuu. Barua ikaja kwa wahudumu arobaini na mmoja waliokuwa wakiruka ndani ya nchi. Ilisema kwamba atakayetia sahihi atahamishiwa upande wa "regional".

Kwa wahudumu wa kwetu neno hilo lina maana yake. Ukisema umepangiwa regional, maana yake ni Entebbe, Kigali, Dar es Salaam, hata Dubai. Ni kupanda ngazi kutoka safari za ndani. Rispah alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, na kama ilivyokuwa tangu utotoni, ndiye aliyepewa barua awasomee wenzake katika chumba cha wahudumu. Alipofika kwenye neno hilo, Justus, ambaye yuko hapa leo, alimwuliza, "Dada Rispah, regional hiyo ndiyo ile yetu?"

Rispah akasema, "Ndiyo ile yetu. Tieni sahihi."

Wakatia sahihi wote arobaini na mmoja. Judy, aliyekuwa na miaka kumi na sita kazini, akaanza kuuliza kama kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano bado iko sawa.

Januari 2017 ndipo walipoelewa. Katika barua ile, regional ilikuwa namna ya kuitaja ile kampuni ndogo. Hawakuwa wanaenda Kigali. Walikuwa wanaenda Kisumu na Eldoret kama kawaida, lakini kwa mwajiri mwingine, na mkataba mpya ulisema kila mmoja ameanza kazi tarehe 1 Februari 2017. Miaka ya nyuma ilifutwa. Katika kazi ya ndege, tarehe ya kuanza ndiyo inayoamua nani anachagua likizo kwanza, nani anapanda cheo, na kazi ikipungua nani anaondoka kwanza. Judy wa miaka kumi na sita akawa sawa na msichana aliyetoka chuoni wiki ile.

Jina la Rispah halikuwa katika orodha hiyo. Yeye alikuwa salama kwenye safari za nje. Alikwenda ofisini mara tatu kueleza kwamba neno lilieleweka vibaya, na kwamba aliyelieleza vibaya ni yeye. Alijibiwa kwamba sahihi ni sahihi. Mwezi Machi akaandika barua ya kuomba ahamishiwe naye kampuni ndogo, aanze upya kama wenzake. Mkubwa wake alimwuliza kama anaumwa.

Alimpigia simu Isaiah kumweleza. Isaiah hakufurahi, na si vizuri kusema uongo mbele ya marehemu. Alimwambia, "Mama Lynette, ukishuka kwenye kampuni hiyo, Dubai hupangiwi tena. Hatutaonana."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu ni mimi niliyesema ndiyo ile yetu, baba Lynette. Hakuna mwingine aliyesema."

Walikaa miezi kumi na minne bila kuonana.

Katika kampuni ndogo Rispah aliwekwa chini ya Fortunate, msichana wa miaka ishirini na minne ambaye Rispah mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Wenzake walimtania kwa kumwita Mama Mpya, naye akaitikia. Fortunate aliona aibu kumtuma. Alikuwa akiinuka mwenyewe kubeba birika huku mkubwa wake wa zamani amesimama. Rispah akamwambia, "Mwanangu, abiria wanatuangalia. Sema tu, Rispah leta chai. Mimi nitaileta, na nikichelewa unikemee." Fortunate ametutumia ujumbe kutoka Nairobi, anasema hakuwahi kumkemea hata mara moja, ila alijifunza kutuma.

Mwaka 2020 ndege zilipolala chini kwa ajili ya ugonjwa, kampuni ilipunguza watu kwa kanuni ya aliyeingia mwisho anatoka kwanza. Kwa tarehe zao za karatasini, wote arobaini na mmoja na Rispah walikuwa na miaka mitatu tu. Waliondoka wote katika wiki moja ya mwezi wa Mei. Watu wenye miaka ishirini hewani wakaenda kuuza nguo, kulima, kukaa kwa ndugu. Kumi na mmoja kati yao wakaja hapa Dubai. Justus akawa mlinzi wa jengo huko Jumeirah Village Circle, Judy akawa mkaribishaji katika mkahawa wa hoteli hapa Al Mankhool.

Rispah alifika na Lynette mwezi Novemba 2020, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa, familia ikaishi chini ya paa moja. Alipata kazi ya usimamizi wa vyumba katika hoteli ya Al Garhoud, ghorofa wanayolala wahudumu wa ndege. Alikuwa akirudi na habari za kila shirika. Lakini kazi yake ya pili ilikuwa ile ya tarehe za wenzake. Kampuni ndogo ilikuwa imeanza kununua ndege tena, na ilikuwa inaita watu wa zamani warudi, kwa kufuata tarehe zao. Kama tarehe zingerudishwa zilivyokuwa, arobaini na mmoja wangeitwa mwanzo wa orodha. Zikibaki zilivyo, wasingeitwa kabisa, kwa sababu umri wa kazi ulikuwa unawapita.

Ofisi ilisema kumbukumbu za zamani hazipatikani, na kwamba anayedai tarehe aithibitishe. Basi Rispah akaanza kuzithibitisha, mtu mmoja mmoja. Ijumaa baada ya ibada, sebule yetu ya Al Mankhool ilijaa karatasi. Justus alileta kadi ya mafunzo ya usalama yenye doa la chai juu ya mwaka, na Rispah akaipeleka dirishani akaishika mbele ya jua mpaka namba zikaonekana. Judy alikuwa na picha ambayo kamera ilichapa tarehe pembeni. Severin hakuwa na kitu chochote, nyumba yake iliungua. Lakini Rispah alikumbuka kwamba siku ya kwanza ya Severin kazini ndege ilirudi uwanjani kwa sababu iligonga ndege wa angani, na kwamba Severin alishuka akiuliza kama kila siku huwa hivyo. Akamtafuta fundi mmoja mstaafu, naye fundi akatafuta, na siku hiyo ikapatikana imeandikwa katika kitabu cha ndege pamoja na jina la Severin. Hiyo peke yake ilichukua miezi saba.

Kuna jambo moja alilolishikilia. Barua zote kwa kampuni aliziandika kwa Kiswahili, na mwisho wa kila barua alieleza maana ya kila neno la kazi alilotumia. Wenzake waliona ni ushamba. Justus alimwambia, "Dada, watatuona kama tumetoka shambani." Rispah akamwuliza, "Kwani wewe umetoka wapi?" Barua sita hazikujibiwa. Ya saba ilijibiwa na mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, kwa Kiswahili safi, naye akaeleza maneno yake mwishoni vilevile. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Rispah alianza kuugua Agosti 2024. Alidhani ni vidonda vya tumbo. Mwezi Oktoba madaktari waligundua saratani ya tumbo na wakamfanyia upasuaji. Mwaka 2025 alikuwa wa dawa na kupumzika, dawa na kupumzika. Nywele zilipotoka alivaa kofia ya zamani ya sare, ile ndogo ya bluu, akasema abiria waketi, anakuja. Wauguzi wa Kifilipino walimwita Madam Captain. Alikuwa mwepesi wa kucheka mpaka mwisho, na anayesoma hapa anashukuru kwamba miaka mitano na miezi mitatu walikaa nyumba moja, mingi kuliko yote waliyoipata kabla.

Mwezi Novemba 2025 kampuni ndogo ilikubali. Tarehe za asili za wahudumu arobaini na mmoja zingerudishwa, na wangeitwa kazini kwa kuzifuata. Lakini mwakilishi wa kampuni akaeleza kwamba Rispah hayumo. Wenzake walihamishwa kwa barua ya shirika, yeye aliomba mwenyewe kwa hiari yake. Kesi yake ingehitaji kikao cha peke yake, na akiingizwa humo, mapatano yote yangesimama, pengine mwaka mzima.

Walikusanyika sebuleni Ijumaa tarehe 28 Novemba, wale kumi na mmoja wa hapa, na wengine kwa simu kutoka Nairobi, Kisumu na Nakuru. Rispah alikuwa amelala kwenye kochi na blanketi. Judy alisema watasubiri huo mwaka. Justus akasema, "Bila wewe hatusaini, dada. Ulishuka na sisi, utapanda na sisi."

Rispah akawaambia kwamba mwakani wanne kati yao watafika umri wa kustaafu, na akawataja kwa majina. Kisha akasema yeye, hata akipewa tarehe yake leo, daktari hawezi kumruhusu kubeba hata trei.

"Mimi nitaitumia wapi?" akauliza. "Khalas, basi. Pitisheni."

Severin kwenye simu alisikika akipenga kamasi. Justus akachukua barua ya mapatano, akamwekea Rispah mkononi awasomee, kama ilivyokuwa desturi. Rispah akairudisha.

"Safari hii someni wenyewe," akasema. "Neno kwa neno. Mahali hamwelewi, msimame muulize walioandika. Msiniulize mimi."

Wakaisoma kwa zamu, kila mtu aya moja, kwa saa mbili. Walisimama mahali pawili, wakampigia simu yule mama wa ofisini siku yake ya mapumziko, naye akaeleza. Neno moja likabadilishwa. Ndipo wakatia sahihi. Rispah alikuwa amelala usingizi kabla hawajamaliza, na Judy akamfunika miguu.

Kufikia mwisho wa Januari, kumi na saba kati yao walikuwa wamerudi kazini. Judy ni mmoja wao. Alisafiri kwenda nyumbani tarehe 9 Januari, na siku alipovaa sare alimtumia Rispah picha. Rispah aliitazama kwa muda, akasema kola imekaa vibaya. Wengine wameshapewa miezi yao ya kuitwa. Justus ni mwezi wa Aprili. Ameshamwambia arbab wake, mwajiri wake wa hapa.

Rispah alifariki Jumanne tarehe 3 Februari 2026, saa nne na robo asubuhi, hospitalini hapa Dubai, Isaiah na Lynette wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini. Hakuteseka siku hiyo. Aliomba maji, akanywa kidogo, akamwambia Lynette asome sana, lakini si kwa haraka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa hoteli ya Al Garhoud, madam wa hoteli aliyempa likizo bila kuuliza maswali mengi, kanisa, na majirani wa ghorofa ya tatu, Wakenya na Waganda, waliopika siku hizi zote.

Marehemu ameacha mume, Isaiah Asava, na binti, Lynette. Ameacha mama yake mzazi, Mama Kerubo, aliyeko Kebirigo, ambaye anatusikiliza kwa simu wakati huu. Ameacha ndugu watano, wakiwemo Nick na Nana waliosafiri kuja hapa, pamoja na wapwa na binamu wengi. Ameacha wahudumu arobaini na mmoja, ambao wameomba wahesabiwe kama familia, na familia imekubali.

Wao wana ombi lingine. Karatasi mliyoshika mkononi ilichapishwa na Siraje, mwenye duka la uchapaji hapa Al Mankhool. Alizoea kuandika tarehe mbili chini ya picha, ya kuzaliwa na ya kufa. Justus alipompelekea kazi hii alimpa tatu. Siraje aliuliza kama kuna makosa. Justus akamwambia kwamba hakuna makosa, na kwamba hiyo ya katikati isiwe ndogo kuliko nyingine. Bamba la jeneza limeandikwa hivyo hivyo, na msalaba huko Kebirigo utaandikwa hivyo. Kampuni haikuwahi kumwandikia. Tumemwandikia sisi.

Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1975.
Alianza kazi tarehe 4 Mei 1998.
Alilala tarehe 3 Februari 2026.

Mungu akupokee, Rispah, na akupumzishe vizuri. Sisi tunaendelea kusoma.